Gundi ya shule, uji wa wanga au bandi: kwilti yako uishikize na nini?

Wale mnaoshona kwilti, au mfarishi kama wanavyosema wakubwa, mnajua kinachochosha sio kuunga vipande wala sio kushona juu. Kinachochosha ni pale katikati, kitambaa cha juu umeshamaliza, bitana unayo, blanketi la kuweka ndani unalo, sasa vitu vitatu hivyo inabidi uvishikize vitulie kama kitu kimoja mpaka cherehani imalize kazi yake. Hapo ndo mtu unatambaa sakafuni magoti yanawaka moto, na ukilipua, ukifika kwenye mashine bitana inajikunja kwa chini we huoni kitu, unakuja kugeuza unakuta mkunjo umeshonewa humohumo. Kufumua hapo ni siku nzima.

Mimi nilianza na bandi, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikizia tu ambayo baadaye unaichomoa, nikaenda kwenye sefti pini, na huu mwaka wa tatu kazi nyingi nashikiza kwa gundi. Na sio gundi za maana za kuagizia, ni hizi za kawaida, gundi nyeupe ya watoto wa shule, uji wa wanga unaopika mwenyewe jikoni, na ile gundi ya kijiti. Nimezizungusha zote kwenye kazi za aina moja, na bandi na pini nikaziweka hapohapo zishindane nazo maana kama gundi haiwashindi wazee hao basi haina haja.

Ninachoshona ni kwilti za kanga, za watoto na za kutupia kwenye kochi. Doti moja inatosha, kanga ya kwanza juu, ya pili bitana, kila moja ina kama sentimita 150 kwa 110, ndani naweka flisi, kile kitambaa laini cha manyoya manyoya, au blanketi jembamba lililochakaa, halafu nashona kufuata pindo na maua ya mji, jina nalizunguka nisilikate katikati. Cherehani yangu ya kukanyaga. Nipo Dar, kwa hiyo unyevu upo, mende wapo, sisimizi ndo usiseme, na hivyo vyote vinaingia kwenye hesabu.

Sasa, watu wakisikia gundi swali lao la kwanza ni "inashika?". Inashika jamani. Hata uji wa ngano unashika, si ndo huohuo unaobandikia mabango ya mitaani? Swali la kujiuliza ni inatokaje. Bandi unachomoa, pini unaitoa, lakini gundi lazima uifue, yaani ukichagua gundi umeshachagua kwamba hii kwilti itaingia kwenye maji kabla hujampa mtu. Na hapo ndo kanga zinapotutia majaribuni, kanga nyekundu au nyeusi mpya inaweza kuchuja rangi ikaharibu bitana yako yote, umeshashona, huna pa kukimbilia. Kwa hiyo kabla ya gundi yoyote chukua kitambaa cheupe kibichi, kiweke juu ya pindo la kanga, pitisha pasi ya moto, inua uangalie. Kikitoka na rangi, fua kwanza hiyo kanga peke yake mpaka maji yawe safi, na kama haiishi kuchuja achana na gundi kabisa, nenda na bandi au pini. Na hata kama haichuji mimi bado naifua kwanza, kanga mpya imejaa wanga wa kiwandani, ukiibandika hivyo hivyo ikaja kurudi kidogo kwenye maji ya kwanza wakati flisi hairudi, kwilti inavimba vimba kama andazi.

Tuanze na gundi ya shule maana ndo naipenda.

Wenzetu Marekani ambako mambo ya kwilti ni mchezo wa watu wengi wanatumia sana Elmer's, ile gundi nyeupe ya wanafunzi inayotoka kwa kufua, na huku kwetu zipo nyingi za namna hiyo maduka ya vifaa vya shule. Neno la kutafuta kwenye chupa ni kwamba inafulika. Usiangalie weupe tu, kwa sababu gundi ya mbao ya mafundi seremala nayo ni nyeupe, nayo ni nzito vilevile, harufu zinakaribiana, ila ile imetengenezwa isiogope maji. Mimi niliwahi kukosa gundi ya shule nikachota ya mbao kwenye kopo la shemeji, nikasema gundi ni gundi. Nimefua ile kwilti mara nne. Mpaka leo ukipitisha mkono juu yake unasikia mistari migumu kama mtu kaficha vijiti vya njiti za meno ndani, na ndiyo inayotandikwa kwenye kiti cha mbwa wa jirani.

Namna ninavyoitumia ni hivi. Bitana naitandaza sakafuni kwenye vigae upande wa ndani ukiangalia juu, naivuta ikae sawa bila kuikaza, pembeni naishika na seloteipu pana. Flisi juu yake. Halafu nakunja nusu ya flisi irudi nyuma, natia gundi kwenye bitana, narudisha flisi na kuipapasa kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, kisha nusu ya pili. Kanga ya juu nayo vivyo hivyo. Sasa siri yote ipo kwenye kutia gundi, usiimwage kutoka kwenye chupa, mdomo wa chupa ni mpana unatoa mnyoo mnene ambao ukikauka ni jiwe. Nenda famasi ununue bomba la sindano la mililita 10, sindano yenyewe hutumii, bomba tu, vuta gundi humo halafu chora mistari membamba kama uzi wa sweta, mstari hadi mstari upana wa kiganja. Kwilti ya kanga moja mimi najaza bomba mara tatu basi, chupa ndogo ya mililita 100 inanipeleka kwilti tatu.

Ukishapapasa, pasi. Kavu, bila mvuke, moto wa kati, unaweka pasi unahesabu mpaka kumi unainua unahamisha, usiburuze maana ukiburuza kitambaa kinatembea na gundi bado mbichi. Joto linafukuza maji ya kwenye gundi na hapohapo inashika. Ila angalia cha ndani ni nini. Kama ni pamba tupu huna wasiwasi. Kama ni blanketi la akriliki, yale mazito ya manyoya, pasi ya moto inalilaza na kuling'arisha kama limepakwa mafuta na halirudi, hapo afadhali uache ikauke yenyewe usiku kucha feni ikiwa imewashwa. Kipindi cha masika usiku mmoja hautoshi, mimi nimewahi kushona kwilti niliyodhani imekauka kumbe bado, sindano ikajipaka gundi, mashine ikawa inaruka mishono, uzi unakatika kila dakika mbili, mpaka nikatoa sindano nikaifuta na kitambaa chenye maji ya moto ndo ikatulia.

Ikishakauka vizuri lakini, wee, ni raha. Hakuna pini ya kukwepa, unaikunja unaibeba unaisokota chini ya mkono wa cherehani hakuna kinachotembea, na ukikosea ukaona pana mkunjo unaibandua taratibu, unaloanisha kidogo unanyoosha tena. Sindano namba 14 inapita bila shida kama mistari ilikuwa membamba. Kwenye kufua naloweka maji ya uvuguvugu nusu saa bila kusugua, maji yanakuwa na utelezi na uweupe kidogo, namwaga naweka mengine, kisha ndo sabuni. Kuna moja niliisahau kabatini na gundi yake miezi miwili, ikatoka yote vilevile.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga akanikuta na bomba la sindano sakafuni nachora mistari. Akasimama mlangoni muda. "Mwanangu, hiyo ni gundi ya daftari, utamlaza nani humo?" Nikamwambia "Inafuliwa mama, inatoka yote." Akasema "Haya," ile haya yenu ya Tanga mnaijua, akaenda zake jikoni. Nilipofua akaja kuipapasa mwenyewe kona zote nne kimya kimya.

Sasa uji wa wanga. Huu ndo wa bei ya chini kuliko vyote, karibu na bure, na kama unashona pamba kwa pamba tupu unashindana na gundi ya shule vizuri kabisa. Lakini una masharti yake.

Sharti la kwanza ni wanga gani. Unga wa ngano watu wengi wanaukimbilia kwa sababu upo jikoni, ila ngano ina ule utomvu unaofanya chapati ivutike, kwenye kitambaa unaacha mabonge na ukiufulia maji ya moto sana unazidi kung'ang'ania. Unga wa muhogo wa sokoni wa ugali nao una nyuzinyuzi na rangi ya kijivu. Kinachofaa ni wanga mweupe uliochujwa, wa muhogo ukiupata, au konifulawa ya dukani ile ya kuongezea uzito supu. Wanga wa muhogo mimi ndo naupa namba moja, ukiiva unakuwa kama kioo, hauachi alama kwenye kanga nyeusi. Na sio jambo geni hili, Wayoruba kule Nigeria vitambaa vyao vya adire wanachora kwa uji wa muhogo kabla ya kutia rangi ya nili, uji unazuia rangi, halafu baadaye unatolewa wote. Yaani kama unatoka kwenye adire utatoka kwenye kwilti yako.

Vijiko viwili vya chakula vya wanga, koroga kwanza na maji baridi mpaka uvunjike wote, ongeza maji yafike vikombe viwili, bandika jikoni moto mdogo ukikoroga bila kuacha, utakuwa mweupe halafu ghafla utaanza kuwa wa kioo na mzito, epua, chuja na kichujio cha chai. Uache upoe kabisa. Unaupaka na brashi ya rangi pana, safu nyembamba, sio kulowesha. Hapa ndo unapoona tofauti na gundi ya shule, ile unachora mistari, huu unapaka eneo, kwa hiyo unaingiza maji mengi zaidi kwenye kitambaa, kinarefuka kidogo kikiwa kibichi, na lazima uwe na mkono wa kuvuta sawasawa la sivyo ukikauka unakuta wimbi.

Faida yake, kitambaa kinakuwa na ugumu fulani mzuri kama kanzu ya Idi iliyopigwa wanga, kinapita kwenye cherehani chenyewe hata huhitaji kukisukuma, kwa anayejifunza hii inasaidia sana. Hasara yake, pasi ikizidi moto wanga unaungua unakuwa wa kahawia, na hasara kubwa ni wageni. Wanga ni chakula. Nilimaliza kushikiza kwilti jioni ya Alhamisi nikaikunja nikaiweka juu ya kiti nikijua nitashona Jumamosi, Ijumaa usiku nikawasha taa nikakuta mende wawili wamekaa juu ya mji wa kanga kama wapo harusini, na kwenye pindo kulikuwa na sehemu wamekwangua rangi. Ukiacha zaidi hasa msimu wa mvua inaanza kunuka uvundo, na madoa meusi ya ukungu kwenye pamba hayatoki. Kwa hiyo uji wa wanga ni kwa mtu anayeshikiza leo, anashona kesho, anafua keshokutwa. Kama we ni wa kushona nusu saa watoto wakishalala, ukimaliza baada ya mwezi, usiuguse.

Na kwenye flisi na blanketi la nailoni haushiki vizuri, wanga unapenda pamba, kwenye flisi ukishakauka ukikunja tu unasikia unavunjika vipande vipande unadondoka kama mba.

Gundi ya kijiti sina mengi. Ni nzuri kwenye kingo, ukitaka pindo litulie kabla ya kushona au kipande kidogo cha kubandika juu, hailoweshi kitambaa, haikauki kuwa jiwe, inatoka na maji. Lakini kwilti nzima utamaliza vijiti vitatu vinne na mkono utauma, na kwenye flisi yenye manyoya inang'oa manyoya inajaa uchafu. Nunua kimoja kaa nacho kwenye droo ya cherehani.

Zipo na gundi za kupuliza za kopo, maalumu kwa kazi hii, wanaozitumia wanazisifia kwamba ni dakika kumi umemaliza na ukikosea unabandua unabandika tena. Sizikatai. Ila huku kuzipata ni kwa kubahatisha, kopo moja ni bei ya chupa nyingi sana za gundi ya shule, zinashika moto kwa hiyo hupulizi jikoni wala karibu na jiko la mkaa, na usimwambie ndugu yako aliyeko Maskati akuletee kwenye begi, kopo la gundi linaloshika moto haliruhusiwi kwenye ndege, watalitoa. Gundi ya viatu hata usiifikirie, na supaglu ndo kabisa, ikigusana na pamba nyingi inapata moto yenyewe inaweza kukuunguza vidole, hii sio stori za mtaani ni kweli.

Sasa wazee wetu, pini na bandi.

Pini hesabu yake ni rahisi, moja kila sentimita kumi, kwenye kanga moja hiyo ni 15 kwa 11, yaani sefti pini 165, na kila moja uifungue uichome uifunge ukiwa umeinama. Halafu wakati wa kushona kila ukifika kwenye pini unasimama unaitoa. Zikipata kutu msimu wa mvua zinaacha alama ya chai. Uzuri wake hazihitaji maji wala kukauka, unazo mwaka nenda mwaka rudi, na kwilti inaweza kukaa nazo hata mwezi kwenye hewa kavu bila neno. Kwa cherehani zinatosha. Mimi nimeziacha kwa sababu ya magoti tu, sio kwa sababu ya ubaya wake.

Bandi ndo mwalimu wa wote. Uzi mweupe wa bei ya chini, mishono mirefu ya vidole viwili, unaanza katikati kwenda pembeni kama miale ya jua au unapiga mistari upana wa kiganja. Kanga moja inanichukua jioni mbili. Gundi ya shule kazi hiyohiyo inanichukua kama saa moja na kupiga pasi ndani yake. Kwa anayeshona kwa mashine kwangu mjadala umeishia hapo.

Lakini anayeshona kwa mkono asidanganywe na mtu. Ukishona kwa mkono sindano yako ni nyembamba na unashika mishono mitatu minne kwa pamoja kabla ya kuvuta uzi, ukikutana na mstari wa gundi iliyokauka sindano inagoma, unasukuma kwa nguvu, inapinda au inakuingia kwenye kidole cha chini. Wanga nao ni hivyohivyo, ule ugumu unaoipendeza cherehani unamuudhi mkono. Na kwilti ya mkono inakaa wiki nyingi kabla haijaisha, mende watakuwa wameshajifungua. Kwa mkono ni bandi, nimeshajaribu ujanja mwingine wote nimerudi palepale.

Kwa hiyo mtu akinipigia simu akaniambia nina doti yangu na blanketi la zamani nianzeje, namuuliza maswali matatu. Unashona kwa mkono au kwa cherehani? Akisema mkono namwambia bandi, tunaagana. Akisema cherehani namuuliza kanga inachuja? Akisema inachuja namwambia pini, asitie unyevu wowote. Akisema haichuji, cha mwisho ni utamaliza lini. Akisema wikendi hii na ndani ni pamba, apike uji wake wa wanga abaki na hela yake. Akisema sijui, nikipata nafasi, au ndani ni flisi, basi ni gundi ya shule na bomba la sindano. Watu tisa kati ya kumi wanasema nikipata nafasi.

Kuna kitu kimoja watu wanasahau, jaribio. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja vya vitambaa vyako vyote vitatu, vibandike, vikauke, shona mistari miwili, fua, anika, kisha vikunje usikilize kwa vidole. Inachukua siku moja, ila gundi za dukani zinabadilika, chupa niliyonunua mwezi uliopita lebo ni ileile lakini ni nzito kuliko ya zamani, nimeichanganya na maji kidogo, kijiko kimoja kwa vitatu vya gundi, ndo ikapita kwenye bomba.

Sasa hivi hapa sakafuni nina oda ya kanga ya kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe ya maharusi, bibi harusi anataka iwe kwilti ya kitandani. Nimepitisha pasi na kitambaa cheupe, kikatoka chekundu. Nimeifua mara tatu bado kinatoka kiwaridi. Gundi imerudi kwenye droo, nimetoa uzi mweupe, na jioni ya kwanza imeshaisha nipo nusu.